Kidole tumbo kwa watu wazima: nani hukipata, na hatari yenyewe iko wapi

Swali: Daktari, mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 38 alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mwezi uliopita. Kilikuwa kimeshapasuka, ikabidi asafishwe usaha tumboni, ila sasa amerudi nyumbani na anaendelea vizuri. Alikuwa amekaa na maumivu siku tatu akidhani ni gesi, maana sote tuliamini huu ni ugonjwa wa watoto na vijana. Mimi nina miaka 43. Watu wazima huupata kwa kiasi gani? Ni nani walio katika hatari zaidi, na kwa kuwa huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, mimi nami niogope? Wengine wananishauri niache matunda yenye mbegu ndogo ndogo, na shangazi yetu anasema afadhali nikitoe mapema kabla hakijaleta shida.

Jibu: Pole sana, dada, wewe na mdogo wako. Kupasukiwa na kidole tumbo si jambo dogo, na ninashukuru pamoja nanyi kwamba amerudi salama.

Barua yako imebeba maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna swali la nani anaweza kuupata ugonjwa huu, na kuna swali la nani, akishaupata, kidole tumbo chake kitapasuka. Majibu yake hayafanani. Katika la kwanza sisi madaktari hatuwezi kutabiri sana, na wewe huwezi kuzuia sana. Katika la pili mgonjwa na jamaa zake wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Nianze na lile mliloliamini nyumbani, kwa kuwa ndilo lililomchelewesha mgonjwa. Ni kweli kwamba umri unaoongoza ni kati ya miaka 10 na 19. Takwimu za nchi nyingi zinakubaliana katika hilo. Lakini baada ya miaka 20 uwezekano huo hupungua polepole tu, haukatiki. Na kwa kuwa miaka ya utu uzima ni mingi, hata kiwango kidogo cha kila mwaka kikijumlishwa kinaleta watu wengi. Ndiyo maana kukata kidole tumbo ni miongoni mwa upasuaji wa dharura wa tumbo unaofanywa mara nyingi zaidi duniani, na wanaolala kwenye meza hiyo ni pamoja na watu wa miaka 30, 50, hata 80.

Kwa hesabu iko hivi. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini, wagonjwa wapya wa rika zote huwa takriban 100 kwa mwaka katika kila watu 100,000, yaani mji wa watu laki moja utapata wagonjwa wawili hivi kila wiki. Korea Kusini na Chile tafiti zimekuta kiwango kinachokaribia maradufu ya hicho. Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2019 yalikuwa wagonjwa wapya milioni 17.7 na vifo zaidi ya 33,000. Tukiangalia maisha yote ya mtu tangu kuzaliwa, hesabu iliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1990, ambayo hadi leo hutajwa vitabuni, ilionyesha kwamba wanaume 8.6 na wanawake 6.7 katika kila 100 wataugua kidole tumbo. Ni kama mtu mmoja kati ya 13.

Usiichukue hiyo 6.7 ukaibeba yote kama ilivyo. Ni ya mtoto wa kike aliyezaliwa leo, mwenye maisha yote mbele yake. Wewe umeshavuka miaka 43, na miaka iliyokuwa na uwezekano mkubwa umeiacha nyuma. Kilichobaki mbele yako ni kidogo kuliko hapo.

Hata hivyo kuna badiliko ambalo mtu wa umri wetu anapaswa kulijua. Marekani, kati ya mwaka 1993 na 2008, kiwango cha ugonjwa kilipanda kutoka wagonjwa 7.62 hadi 9.38 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka, na fungu la vijana wa miaka 10 hadi 19 likapungua huku la watu wa miaka 30 hadi 69 likiongezeka. Kadhalika, wakati nchi nyingine nyingi zilizotangulia kuwa na viwanda zimeona kiwango kikishuka kwa miongo mingi au kutulia, nchi zinazokua haraka za Asia, Amerika Kusini na Mashariki ya Kati zimeona kikipanda. Kwa hiyo ile dhana kwamba aliyemaliza shule amemalizana na kidole tumbo haina msingi.

Sasa kwa nini umri una nguvu hivyo? Kidole tumbo ni kifuko chembamba, kwa kawaida kina urefu wa sentimita 9 hivi, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Kina mlango mmoja tu. Ndani ya kuta zake mna tishu nyingi za kinga, zile zinazopambana na vijidudu. Tishu hizi huwa nene zaidi katika miaka ya ujana, kisha hupungua, na uzeeni hubaki kidogo sana. Zinapovimba kwa sababu ya maambukizi yoyote, njia nyembamba ya kidole tumbo huziba. Katika watu wazima mara nyingi kinachoziba si tishu hizo bali kijiwe cha kinyesi kilichokauka, na katika wachache ni uvimbe wa saratani au minyoo. Kikishaziba, ute unaendelea kutoka ndani na hauna pa kwenda, bakteria wanazaliana, shinikizo linapanda, damu inashindwa kupita ukutani, na ukuta unaanza kufa. Niseme pia kwamba si kila kidole tumbo kilichovimba hukutwa kimeziba. Vipo vingi vinavyotolewa bila kijiwe wala kizuizi chochote kuonekana. Kwa hiyo kuziba ni njia kuu ya ugonjwa, lakini si njia pekee.

Tuje kwa wanaoupata zaidi. Jinsia ina mchango mdogo: wanaume huwazidi wanawake, kama watu saba kwa watano hivi. Asili ya familia ina mchango mkubwa zaidi, na hapa ndipo unapoulizia nafsi yako. Mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake amewahi kuugua kidole tumbo huwa na uwezekano unaofika takriban mara tatu ya asiye na historia hiyo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi wenyewe unabeba kama asilimia 30 ya tofauti kati ya watu, na kilichobaki kinatokana na mazingira na mambo mengine ya maisha. Mara tatu inatisha masikioni, lakini angalia inazidisha nini. Kwa mwanamke wa miaka 43 uwezekano wa mwaka mmoja ni mdogo kiasi kwamba, hata ukiuzidisha kwa tatu, zaidi ya 990 kati ya 1,000 walio kama wewe wataumaliza mwaka bila kuugua. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiogope, ila historia hiyo uikumbuke, na siku ukimwona daktari kwa maumivu ya tumbo uitaje bila kuulizwa.

Uvutaji wa sigara umejitokeza katika tafiti kadhaa, zikiwemo za mapacha nchini Australia na za watu waliofuatiliwa tangu kuzaliwa nchini Uingereza. Wavutaji huugua kuliko wasiovuta, na hata watoto waliokulia kwenye moshi wa wazazi wao wameonekana kuathirika. Ongezeko hilo si kubwa, lakini katika orodha yote ya mambo yanayohusishwa na ugonjwa huu, sigara ni miongoni mwa machache ambayo mtu anaweza kuyaacha kwa hiari yake. Hewa chafu ya mijini nayo imehusishwa, na nchi nyingi zenye majira ya baridi na joto huona wagonjwa wengi zaidi kipindi cha joto. Sababu yake bado inajadiliwa.

Kuhusu chakula kuna historia ndefu. Mwaka 1971 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa amefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, alichapisha hoja yake kwamba ugonjwa huu ni wa watu wanaokula vyakula vilivyokobolewa. Alikuwa ameona jinsi ulivyokuwa nadra kwa watu wa vijijini wenye kula vyakula vya nyuzinyuzi nyingi, na jinsi ulivyojaa kwa watu wa Ulaya. Kwa maelezo yake, kinyesi kigumu na kidogo hutengeneza vijiwe na kuongeza shinikizo ndani ya utumbo. Baadaye mwenzake wa Uingereza, David Barker, akaja na maelezo tofauti katika miaka ya 1980. Alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyopanda Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na kushuka katikati ya karne ya 20, akaulinganisha na kuenea kwa mabomba ya maji majumbani. Kwa hoja yake, watoto waliokua katika usafi wa nusunusu hawakukutana na vijidudu mapema, wakaja kuvipata wakubwa, na mwili ukavipokea kwa mshtuko. Kila moja ya hoja hizi ina ushahidi upande wake na mapengo upande mwingine. Mimi huwashauri wagonjwa wale vyakula vya nyuzinyuzi kwa sababu faida zake kwa moyo, kisukari na utumbo mpana ni za uhakika. Kwamba pia vitawakinga na kidole tumbo, hilo sikuahidi.

Mbegu, dada, ziache zipite. Ni imani ya zamani na ipo kila mahali, na ilipata nguvu kwa sababu wapasuaji wa zamani waliokuta kitu chochote kigumu ndani ya kidole tumbo walikisimulia sana. Watafiti nchini Uturuki walipopitia kumbukumbu za wagonjwa 1,969 waliotolewa kidole tumbo, walikuta mbegu au mabaki ya mimea katika wagonjwa 8 tu, chini ya nusu ya asilimia moja. Ukiacha matunda kwa sababu ya hao 8 umejinyima kitu chenye faida kwako kwa ajili ya hofu isiyo na uzito. Kukimbia baada ya kula, kunywa maji katikati ya mlo, kumeza ubani wa kutafuna: hayo nayo hayana ushahidi wa kuaminika.

Minyoo ni habari tofauti kidogo. Minyoo midogo myeupe inayowasha sehemu ya haja kubwa hukutwa mara kwa mara ndani ya vidole tumbo vilivyotolewa, na mara nyingine inaleta maumivu yanayofanana kabisa na ya kidole tumbo huku hakuna uvimbe wa kweli. Inafaa kutibiwa kwa sababu zake yenyewe.

Ukiyaweka yote hayo pamoja utaona kitu kimoja: hakuna hata jambo moja lenye nguvu ya kutuwezesha kumnyooshea kidole mtu fulani na kusema huyu ataugua. Asiyevuta, anayekula vizuri, asiye na ndugu aliyeugua, naye huletwa usiku wa manane. Kwa hiyo kujua kama uko katika kundi la hatari kuna faida ndogo. Faida kubwa iko kwenye saa za mwanzo za maumivu.

Hapa naingia kwenye swali la pili, la kupasuka. Mwaka 2006 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya kufuatilia saa tangu maumivu yalipoanza hadi matibabu. Wagonjwa waliokuwa hawajafikisha saa 36, waliokutwa wamepasukiwa walikuwa asilimia 2 au chini yake. Baada ya saa 36, hatari ilifika asilimia 5 katika kila saa 12 zilizofuata. Mdogo wako alikaa siku tatu, yaani saa 72. Simlaumu. Maumivu yake pengine yalianza kama ya gesi kweli, na hakuna aliyemwambia kwamba mtu wa miaka 38 anahusika.

Yako mambo mengine yanayoongeza uwezekano wa kupasuka. Kijiwe cha kinyesi ndani ya kidole tumbo ni kimojawapo. Uzee ni kingine, na ni kikubwa: kwa mzee ukuta wa kidole tumbo umekuwa mwembamba, mishipa yake ya damu imesinyaa, na dalili zenyewe ni hafifu. Mzee anaweza asiwe na homa, asilie kwa maumivu, akawa tu amepoteza hamu ya kula na amezubaa. Katika tafiti nyingi za watu waliovuka miaka 65, sehemu kubwa yao, wakati mwingine zaidi ya nusu, hukutwa tayari wamepasukiwa. Vifo kwa mtu mzima mwenye afya anayetibiwa mapema ni nadra sana, chini kabisa ya mtu mmoja kati ya 100, lakini kwa wazee huongezeka mara nyingi. Kisukari na dawa zinazopunguza kinga ya mwili pia huficha dalili na kuharakisha madhara.

Na kuna ukosefu wa uwezo wa kulipia matibabu, jambo linaloniuma kuliko yote. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba wagonjwa wasio na bima, na wale waliokuwa kwenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, walifika na kidole tumbo kilichopasuka takriban mara moja na nusu ya waliokuwa na bima binafsi. Kidole tumbo ni kilekile. Kilichotofautiana ni saa ngapi mtu alisita nyumbani akihesabu gharama.

Niseme jambo moja la haki kwa sayansi. Si kila kidole tumbo kinachovimba lazima kipasuke kisipotolewa. Kuna ushahidi unaoongezeka kwamba baadhi hupoa vyenyewe, na kwamba kile chenye kupasuka pengine ni ugonjwa wa aina yake tangu mwanzo. Wanasayansi wanaendelea kubishana juu ya hilo. Lakini hakuna mtu, awe daktari au si daktari, anayeweza kuvitofautisha akiwa amekaa sebuleni. Ndiyo maana ushauri haubadiliki.

Basi zijue dalili kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio unaoeleza zaidi. Maumivu huanzia katikati ya tumbo, kuzunguka kitovu au juu yake kidogo, yakiwa ya kukaba kaba, mtu asiweze kuonyesha kwa kidole ni wapi hasa. Hamu ya kula inaondoka. Kichefuchefu kinafuata, pengine kutapika mara moja au mbili. Kisha, ndani ya saa 12 hadi 24, maumivu yanahamia chini upande wa kulia na kuwa makali, ya sehemu moja, na kila mtikisiko unayazidisha: kukohoa, kushuka ngazi, gari kupita kwenye shimo. Homa kwa wakati huo huwa ya kiasi. Kuhama kwa maumivu kuna sababu yake. Mwanzoni neva za utumbo wenyewe ndizo zinazolalamika, nazo hazijui kuelekeza mahali. Uvimbe unapofika kwenye utando unaotanda ukuta wa ndani wa tumbo, utando huo una neva zinazojua kuonyesha kwa usahihi. Zingatia pia kwamba maumivu hutangulia kutapika. Aliyeanza kwa kuharisha na kutapika, tumbo likafuata kuuma, mara nyingi ana maambukizi ya kawaida ya tumbo.

Huo ndio mtiririko wa vitabuni, na kama nusu tu ya wagonjwa huufuata. Kwa wengi kidole tumbo kimejikunja nyuma ya utumbo, kwa hiyo maumivu yanasikika ubavuni au mgongoni. Kwa wengine kimening'inia ndani ya nyonga, wakakojoa mara kwa mara au kuharisha kidogo, wakatibiwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni nyepesi: maumivu ya tumbo yasiyokatika, yanayoongezeka kwa saa sita au zaidi, yakiambatana na kukosa hamu ya kula, yanastahili kuonwa na daktari siku hiyohiyo, kwa umri wowote.

Lipo pia jambo la hatari sana ambalo watu hulipokea kama heri. Kidole tumbo kinapopasuka, shinikizo la ndani hushuka ghafla, na mgonjwa anaweza kupata nafuu ya saa chache. Familia inafurahi, safari ya hospitali inaahirishwa. Kisha tumbo zima linakuwa gumu, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Nafuu ya ghafla baada ya siku ya maumivu makali upande wa kulia isiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Nyumbani usimeze dawa ya kuendesha wala usipige bomba la kusafisha tumbo, kwa sababu vyote viwili huongeza msukumo ndani ya utumbo uliovimba. Usilikande tumbo. Usianze antibayotiki zilizobaki kabatini, zitapooza dalili bila kumaliza ugonjwa. Dawa ya kawaida ya maumivu ukishaimeza si mwisho wa dunia, na hospitali wenyewe watakupa ya kutuliza wakati wanakuchunguza. Mwambie tu daktari umemeza nini na saa ngapi.

Kwa kuwa wewe ni mwanamke, kuna la ziada. Maumivu ya chini upande wa kulia kwa mwanamke yana majirani wengi: uvimbe kwenye ovari, ovari iliyojisokota, maambukizi ya mirija ya uzazi, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Ule utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba, ingawa wanawake huugua kidole tumbo kwa uchache kuliko wanaume, waliotolewa kidole tumbo maishani walikuwa 23 kati ya 100, dhidi ya 12 kwa wanaume. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni vidole tumbo vizima vilivyotolewa wakati wa upasuaji mwingine, na sehemu ni utambuzi uliokosewa. Leo hali ni bora. Kipimo cha mimba hufanywa kwanza kwa kila mwenye umri wa kuzaa, kisha altrasaundi, na ikibidi picha ya CT, yaani picha ya mionzi inayoonyesha tumbo vipande vipande, ambayo kwa mtu mzima huugundua ugonjwa kwa usahihi mkubwa. Kwa mjamzito, kidole tumbo ndicho sababu kuu ya upasuaji wa dharura usiohusiana na uzazi. Anayekuambia kwamba maumivu ya tumbo katika ujauzito ni ya kuvumilia tu amekupotosha, kwa maana kikipasuka hatari ya kumpoteza mtoto huongezeka sana.

Sasa pendekezo la shangazi. Namheshimu kwa kuwajali, lakini kukitoa kidole tumbo kizima kwa kuogopa siku zijazo sikushauri. Upasuaji wowote una hatari zake: dawa ya usingizi, maambukizi ya kidonda, na makovu ya ndani ambayo miaka ya baadaye yanaweza kuufunga utumbo. Ukiweka hatari hizo kwenye mizani dhidi ya uwezekano mdogo uliobaki kwa umri wako, mizani haikubali. Tena kidole tumbo si kiungo cha bure kabisa. Kina kazi katika kinga, na yapo maelezo yanayokubalika kwamba huhifadhi bakteria wazuri wa utumbo.

Ukiugua kweli siku moja, ujue kwamba matibabu si kisu peke yake tena. Nchini Finland wagonjwa 530 wenye ugonjwa usio na matatizo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine upasuaji, wengine antibayotiki. Waliopewa dawa, asilimia 27 walihitaji upasuaji ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 39 ndani ya miaka mitano. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2020, wenye watu wazima 1,552, ulikuta asilimia 29 ya waliopewa dawa walipasuliwa ndani ya siku 90, na kwa wenye kijiwe ilifika 41. Kwa hiyo dawa ni chaguo la kweli kwa mtu mzima asiye na kijiwe wala dalili za kupasuka, mradi awe tayari kurudi haraka hali ikibadilika. Na ukiambiwa usubiri zamu ya chumba cha upasuaji usiku kucha, usiingiwe na hofu. Utafiti wa Finland na Norway uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba, kwa ugonjwa usio na matatizo, kupasuliwa ndani ya saa 24 hakukuongeza kupasuka kwa kidole tumbo kuliko ndani ya saa 8. Kuchelewa ukiwa kitandani chini ya uangalizi na kuchelewa ukiwa nyumbani bila kuchunguzwa ni vitu viwili tofauti.

Nimalizie na mgonjwa wenyewe. Muulize mdogo wako kama kidole tumbo chake kilipelekwa maabara, na majibu yalisemaje. Katika takriban mtu mmoja kati ya 100 wanaotolewa kidole tumbo hukutwa uvimbe wa saratani au unaoelekea huko, na idadi hiyo hupanda kwa waliovuka miaka 40, hasa ugonjwa ulipokuja na jipu. Yeye ana 38, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtia hofu, ila majibu hayo ni haki yake na yanapaswa kusomwa, si kubaki kwenye faili. Kama upasuaji wake ulikuwa wa kusafisha usaha tu na kidole tumbo kikaachwa ndani, jambo ambalo hutokea jipu linapokuwa kubwa, basi aulize wazi mpango wa kukitoa ni upi. Na wewe, kwa miaka yako 43, siku ukiugua na kutibiwa kwa dawa bila upasuaji, mwombe daktari upangiwe uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera wiki kadhaa baada ya kupona.